Sura ya 6: Mgonjwa Asiyefika

Nchini Uingereza, mwanafunzi wa uuguzi wa wanyama hasajiliwi mpaka atimize walau saa 1,800 za kazi ya vitendo katika kliniki zilizoidhinishwa kufundishia. Ni karibu mwaka mzima wa kuamka mapema, kusafisha vizimba, kupima joto, kuandaa vifaa vya upasuaji na kukaa na mbwa anayezinduka kutoka kwenye nusukaputi. Saa hizo zinaweza kupangwa kwenye ratiba. Wagonjwa hawapangiki. Kliniki inajua kwamba Jumanne kuna paka wa kufungwa uzazi, lakini hakuna ajuaye ni lini ataletwa paka aliyeishiwa damu, sungura aliyeacha kula, au mbwa ambaye moyo wake utasimama akiwa juu ya meza.

Mwanafunzi huyo hupewa orodha ya stadi anazotakiwa kuzimudu kuanzia siku yake ya kwanza kazini baada ya kusajiliwa. Orodha hutolewa na Royal College of Veterinary Surgeons, chombo kinachosimamia taaluma hii, ambacho kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1844. Kila stadi lazima ithibitishwe. Mwanafunzi anaandika alichofanya, kwa mnyama gani na kwa sababu gani, kisha mkufunzi wake wa kliniki, ambaye ni muuguzi aliyesajiliwa au daktari wa wanyama, anatia saini. Miezi ya mwisho ikikaribia, nafasi nyingi huwa zimejaa. Zinazobaki wazi ni zile za wagonjwa adimu: mgonjwa wa kutengwa kwa sababu ya maambukizi, uongezaji damu, uangalizi wa mrija wa kifuani, mnyama asiye mbwa wala paka.

Mkufunzi anayetazama nafasi hizo tupu ana mambo matatu ya kuchagua. Anaweza kumsubirisha mwanafunzi mpaka mgonjwa aje, hata kama atasubiri mwaka. Anaweza kutia saini kwa imani, kwa kuwa anamjua kijana wake kuwa mchapakazi. Au anaweza kutafuta ushahidi mwingine, wenye uzito wa kweli, kwamba mwanafunzi anaiweza kazi hiyo. Sura hii inahusu njia ya tatu, kwa sababu ndiyo ngumu zaidi na ndiyo pekee inayomtendea haki mwanafunzi na mnyama kwa pamoja.

Kwa nini wagonjwa hukosekana

Ni rahisi kulaumu udogo wa kliniki, na kweli mahali pana uzito wake. Kliniki ya mji mdogo huhudumia chanjo, meno, majeraha ya kawaida na upasuaji wa kuzuia uzazi. Mrija wa kifuani unaweza kupita miezi bila kuonekana. Lakini hospitali kubwa ya rufaa nayo ina upungufu wake. Mwanafunzi wa huko atauguza mgonjwa aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia, ilhali hajapata kumshika mtoto wa mbwa aliyekuja kwa chanjo ya kwanza, wala kumweleza mwenye paka namna ya kumpa dawa ya minyoo.

Sababu nyingine ni mafanikio ya tiba yenyewe. Mwaka 1978 virusi vya parvo vilisambaa kwa mbwa sehemu nyingi za dunia na kuua watoto wa mbwa kwa wingi. Leo, pale ambapo wenye mbwa wanachanja, wauguzi vijana wanaweza kumaliza mafunzo bila kumwona mbwa hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Kwa mbwa ni neema. Kwa anayepaswa kuthibitisha kwamba anaweza kumuuguza mgonjwa wa aina hiyo bila kuwaambukiza wengine, ni nafasi tupu kwenye orodha.

Teknolojia nayo hubadilisha kinachoonekana. Zamani mbwa mwenye matatizo ya tumbo angenyweshwa bariamu na kupigwa picha za eksirei kwa zamu. Sasa ultrasaundi na mashine za CT zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kuna pia fedha: hakuna huduma ya afya ya umma kwa mbwa na paka, hivyo mwenye mnyama asiyemudu gharama anaweza kuchagua mnyama alazwe usingizi wa milele, na matibabu marefu ambayo yangemfundisha mwanafunzi hayaanzi kabisa.

Kisha likaja janga. Tarehe 23 Machi 2020 Uingereza ilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na kwa majuma kadhaa kliniki zilipokea dharura na kazi zisizoweza kusubiri. Chanjo na upasuaji wa kuzuia uzazi, yaani mkate wa kila siku wa mwanafunzi, viliahirishwa. Baadhi ya wanafunzi walirudishwa nyumbani, na mitihani ya vitendo ikasogezwa mbele. Jambo ambalo wakufunzi walikuwa wamelizoea kama usumbufu wa mwanafunzi mmoja mmoja likawa la darasa zima kwa wakati mmoja, na swali la ushahidi mbadala halikuweza tena kuwekwa kiporo.

Uzito wa saini

Kishawishi cha kutia saini kwa imani hakitokani na ubaya wa moyo. Mkufunzi amefanya kazi na mwanafunzi kwa miezi mingi. Amemwona akiweka kanula kwa mbwa, kwa nini asiamini kwamba ataiweka kwa sungura? Amemwona akiandaa dripu, na mfuko wa damu nao si unaning'inizwa vilevile?

Sivyo. Mshipa wa pembeni ya sikio la sungura ni mwembamba, na sungura aliyeshikwa vibaya anaweza kurusha miguu ya nyuma kwa nguvu ya kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Damu nayo hupita kwenye mrija wenye chujio, ina mpaka wa muda, na inaweza kuua. Stadi zinazofanana kwa mbali hutofautiana pale penye hatari.

Saini hiyo pia ina maana kisheria. Mpango wa kwanza wa kuwafundisha wasaidizi wa uuguzi wa wanyama ulianza mwaka 1961, wakati ambapo hata jina la muuguzi lilikuwa limelindwa kwa wale wa hospitali za binadamu. Walianza kuitwa wauguzi wa wanyama mwaka 1984. Mwaka 1991 sheria ya madaktari wa wanyama ya mwaka 1966 ilirekebishwa ili muuguzi mwenye sifa aweze, kwa maelekezo ya daktari, kutoa tiba na kufanya upasuaji mdogo usioingia kwenye uwazi wa ndani wa mwili, kama kifua au tumbo. Mwaka 2015 hati mpya ya kifalme ikawapa hadhi ya wanataaluma wanaowajibika kwa matendo yao wenyewe. Anayesaini leo anasema kwamba mtu huyu anaweza kukabidhiwa madaraka hayo.

Somo kutoka Dundee

Miaka ya 1970, katika mji wa Dundee huko Uskoti, daktari aitwaye Ronald Harden alisumbuliwa na mtihani wa vitendo wa wanafunzi wa udaktari wa binadamu. Kila mwanafunzi alipewa mgonjwa wake wodini na mtahini wake. Aliyepata mgonjwa mwepesi na mtahini mpole alipita. Aliyepata mgonjwa mwenye dalili za kutatanisha na mtahini mkali aliumia. Alama zilipima bahati pamoja na ujuzi, na hakuna aliyeweza kuvitenganisha.

Harden na wenzake walichapisha jibu lao mwaka 1975. Waliugawa mtihani katika vituo. Kila mwanafunzi hupita kwenye vituo vyote kwa zamu, hukaa dakika zilezile, hupewa kazi ileile, na mtahini hujaza orodha hakiki ileile kwa kila mmoja. Mtindo huo umeenea duniani, na wauguzi wa wanyama wa Uingereza nao hutahiniwa kwa njia hiyo.

Kuna jambo katika historia hiyo ambalo husahaulika. Mgonjwa wa kuigiza hakuletwa mtihanini kwa sababu wagonjwa wa kweli walikuwa wamekwisha. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Southern California, daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows alikuwa tayari ameanza kuwafundisha watu wazima wa afya kuigiza wagonjwa, ili kila mwanafunzi akutane na maelezo yaleyale. Tukio lililotengenezwa lilitafutwa kwa ajili ya haki. Kwa hiyo mkufunzi wa uuguzi wa wanyama anayeandaa mgonjwa wa kuigiza hana sababu ya kuona haya, kana kwamba anampa mwanafunzi kitu cha pili kwa ubora. Akimwandaa vizuri, kuna mambo atakayoyaona hapo kwa uwazi kuliko angeyaona katika purukushani za dharura.

Hata hivyo kuna mpaka. Mwaka 1990 Mmarekani George Miller aliuchora ujuzi wa kitabibu kama piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa mtu anajua. Juu yake anajua namna ya kufanya. Ngazi ya tatu anaonyesha akifanya. Kileleni anafanya kweli, kazini, siku ya kawaida, bila jukwaa. Kituo cha mtihani hufika ngazi ya tatu. Swali la karatasi huishia ya pili. Mkufunzi anayetafuta ushahidi mbadala sharti ajue kila ushahidi wake umesimama ngazi ipi, asije akachukua insha nzuri kuhusu mrija wa kifuani na kuiandika kama uthibitisho wa mikono.

Kuigawa stadi: damu ya paka

Chukua kuongeza damu kwa paka. Ikitazamwa kwa jumla, inaonekana kama kazi isiyoweza kupimwa mpaka paka mwenyewe aje. Ikigawanywa, picha inabadilika.

Sehemu ya kwanza ni kujua damu. Paka wana makundi ya A, B na AB. Paka wa kundi B huwa na kingamwili kali za asili dhidi ya damu ya A, kiasi kwamba hata kiasi kidogo cha damu isiyo yake kinaweza kumuua. Paka wa aina ya British Shorthair ni miongoni mwa wale ambao kundi B si nadra kwao. Sehemu hii hupimwa kwa mazungumzo: mkufunzi anauliza, mwanafunzi anajibu, na jibu linafuatwa na swali lingine mpaka ijulikane kama amekariri au ameelewa.

Sehemu ya pili ni kupima kundi. Hapa hakihitajiki kisa cha dharura. Kipimo kinaweza kufanywa kwa sampuli iliyobaki ya paka aliyetolewa damu kwa sababu nyingine halali, na mkufunzi akasimama pembeni akitazama hatua zote.

Sehemu ya tatu ni mikono. Mfuko wenye maji ya rangi, mrija wenye chujio la damu, pampu na paka wa sanamu vinatosha kuonyesha kama mwanafunzi anajua kujaza mrija bila kuacha hewa, kukokotoa mwendo wa matone, na kuhakikisha kwamba damu itaisha ndani ya saa 4. Hapo mkufunzi makini anaongeza mtego wa kitaaluma: anaacha dripu ya Hartmann ikiwa tayari imeunganishwa kwenye kanula ileile. Maji hayo yana kalsiamu, na kalsiamu hushindana na dawa iliyowekwa kwenye mfuko kuzuia damu isigande. Mwanafunzi anayeitenganisha bila kuambiwa ameonyesha jambo ambalo siku ya dharura lingeweza kupita bila mtu kulitazama.

Sehemu ya nne ni macho. Kabla ya damu kuanza, joto, mapigo na upumuaji huandikwa. Nusu saa ya kwanza vipimo hurudiwa kila dakika chache. Mkufunzi anampa mwanafunzi chati na kumsomea namba zinazobadilika: joto linapanda, pumzi zinaongezeka, paka ametapika. Anasubiri kuona kama mkono wa mwanafunzi utakwenda kuifunga damu kwanza kabla ya kumwita daktari, au kama atabaki akiandika.

Kinachobaki baada ya sehemu hizo nne ni kidogo, lakini kipo: paka hai, dhaifu, mwenye hofu, anayehitaji kushikwa kwa upole huku yote hayo yakiendelea. Kushika wagonjwa dhaifu mwanafunzi ameshaonekana akifanya mara nyingi, kwa wagonjwa wengine. Mkufunzi sasa anaweza kuandika kwa mkono usiotetemeka kile alichokiona na kile ambacho hakukiona.

Unga kwenye kitasa

Kwa mgonjwa wa kuambukiza, ushahidi bora pengine ni ule usiohitaji mgonjwa kabisa. Mbwa wa kitambaa huwekwa katika chumba cha kutengwa, amepakwa unga usioonekana kwa macho ambao hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Mwanafunzi huvaa aproni, glavu na vifuniko vya viatu, huingia, hubadilisha matandiko, humsafisha mbwa, hupima joto, huandika chati, huvua vazi lake na kutoka. Kisha taa ya chumba inazimwa na ile nyingine inawashwa.

Unga huonekana kwenye kalamu, kwenye stetoskopu iliyorudishwa shingoni, kwenye kitasa cha mlango, kwenye kifundo cha mkono pale glavu ilipovuliwa kwa haraka. Virusi vya parvo huweza kuishi kwenye mazingira kwa miezi mingi, kwa hiyo kila doa hapo ni mtoto wa mbwa ambaye angeugua baadaye. Katika wodi yenye mgonjwa wa kweli mkufunzi angeona mwanafunzi amevaa vizuri na kuvua vizuri, angetia saini, na kitasa kingebaki na siri yake.

Sasa ni greyhound

Moyo kusimama ni tukio ambalo hakuna mkufunzi anayeomba litokee ili mwanafunzi wake atahiniwe. Wala likitokea si wakati wa kumwachia asiye na uzoefu. Tangu Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto wa Stavanger nchini Norwei, alipotoa sanamu yake ya kufundishia ufufuaji mwaka 1960, tiba ya binadamu imekubali kwamba stadi hii hujifunzwa na kupimwa kwenye sanamu. Uuguzi wa wanyama umefuata, na tangu mwaka 2012 una mwongozo wa kimataifa wa RECOVER, uliohuishwa mwaka 2024, unaompa mtahini vipimo vya kushikilia: kubana kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua, kukiachia kirudi mahali pake kikamilifu kila mara, na kubadilishana mbanaji kila baada ya dakika 2.

Sanamu moja ya mbwa inaweza kuzaa wagonjwa wengi kwa sauti ya mtahini. Anaanza na labrada, na mwanafunzi anaweka mikono palipo papana zaidi kifuani. "Sasa ni greyhound," anasema, na mikono inapaswa kuteremka mpaka juu ya moyo wenyewe, kwa kuwa kifua cha mbwa huyo ni chembamba na chenye kina. "Sasa ni bulldog," na mwanafunzi aliyeelewa anaigeuza sanamu chali na kubana juu ya mfupa wa kifua. Akiambiwa ni paka, anakizungushia kifua vidole vya mkono mmoja. Aliyekariri picha ya kitabu hukwama hapo kwenye greyhound.

Ufufuaji una somo lingine kwa watahini wote. Stadi isiyotumika hufifia, na mwongozo huo unataka mazoezi ya kukumbushia walau kila miezi 6. Saini ya mwaka wa kwanza haitoshi kumsindikiza mtu hadi mwaka wa tatu.

Pale sanamu isipofika

Yapo mambo ambayo hayana mbadala. Sanamu haing'ati, haikojoi kwa hofu, na kidole chake hakivimbi siku ya pili baada ya bendeji kukazwa mno. Mzoga uliotolewa kwa ridhaa ya mwenye mnyama humfundisha mwanafunzi kupitisha katheta ya mkojo kwenye mwili halisi, lakini haumwonyeshi paka dume aliyeziba njia ya mkojo, mwenye maumivu, ambaye mapigo yake yanapotea kwa sababu potasiamu imejaa kwenye damu. Kumtoboa mnyama mzima wa afya kwa ajili ya kujifunzia tu nako si njia ya mkato: sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inadhibiti taratibu zinazoweza kumuumiza mnyama kwa malengo ya sayansi au elimu, na dhamiri ya taaluma ilikuwa imeshalikataa jambo hilo.

Hata kifaa bora lazima kiulizwe swali moja: je, ujuzi unahama kutoka kwenye kifaa kwenda kwa mnyama? Daktari wa wanyama Sarah Baillie, alipokuwa Glasgow, alitengeneza ng'ombe wa kompyuta. Mwanafunzi huingiza mkono ndani ya kiwiliwili cha bandia, kidole chake kikishikwa na mashine inayomrudishia mguso wa kizazi na fupanyonga, huku mwalimu akiona kwenye skrini mahali kidole kilipo. Hakuishia kuwauliza wanafunzi kama wamefurahia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapeleka kwa ng'ombe hai, na waliofundishwa kwa kifaa hicho walikuwa hodari zaidi wa kukipata kizazi kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Kifaa kile ni cha madaktari, lakini kipimo hicho kinafaa kutumiwa kwa kila sanamu inayonunuliwa na chuo cha uuguzi.

Pale ambapo jibu ni mnyama hai tu, kinachohamishwa ni mwanafunzi. Wa kliniki ya mji mdogo hupelekwa majuma kadhaa hospitali ya rufaa. Wa hospitali ya rufaa hupelekwa kliniki ya jirani au kliniki inayopokea sungura, ndege na kobe. Inahitaji makubaliano ya mapema, mkufunzi mwenye sifa upande wa pili, na chuo kinachoitazama orodha ya mwanafunzi miezi mingi kabla ya tarehe ya mwisho. Kliniki nyingi hugundua nafasi tupu zikiwa zimebaki wiki chache, na hapo ndipo saini za imani huzaliwa.

Mazungumzo na wenye wanyama nayo yasisahaulike. Mwanafunzi hutolewa nje ya chumba mara nyingi pale familia inapoamua kumpumzisha mbwa wake, kwa heshima ya huzuni yao, na ni sawa afanyiwe hivyo. Mtu aliyeandaliwa kuigiza mwenye mbwa, kwa njia ya Barrows, humpa nafasi ya kueleza, kukosea neno, kunyamaza kwa wakati wake na kurudia, bila familia yoyote kubeba gharama ya makosa yake.

Kuandika ukweli wote

Ushahidi mbadala unakuwa na nguvu pale unapoandikwa kwa jina lake. "Alionyesha kwenye sanamu, mara mbili, mbele ya mkufunzi." "Alifanya kwenye mzoga." "Alisaidia kwa mgonjwa hai, hakuongoza." Maneno hayo hayampunguzii mwanafunzi kitu. Yanamlinda, kwa sababu siku ya kwanza kazini hatatarajiwa kuwa na mikono ambayo hajawahi kupewa nafasi ya kuwa nayo.

Muuguzi aliyesajiliwa Uingereza anatakiwa kuendelea kujifunza kwa saa 15 kila mwaka. Saa za mwaka wa kwanza zinaweza kuelekezwa moja kwa moja kwenye stadi zilizothibitishwa kwa njia mbadala. Mwajiri akiisoma orodha hiyo mapema, anajua ni kazi zipi amwachie muuguzi mpya peke yake, zipi amwekee mwenzake mzoefu kando, na zipi azipangie mazoezi ya sanamu kabla hajampangia zamu ya usiku.